Kisima kimoja, watu arobaini: jibu kwa anayeandika riwaya ya baada ya maangamizi

*“Shikamoo mwalimu. Naandika riwaya yangu ya kwanza. Ni Mombasa ya miaka mingi ijayo, baada ya bahari kupanda na njia zote za kutoka kisiwani kukatika: kivuko cha Likoni hakipo tena, daraja la Nyali limeanguka, Makupa imefunikwa na maji. Watu arobaini waliosalia Mji wa Kale wanaishi kwa kisima kimoja cha zamani kando ya msikiti. Wanagawana maji, wanapika pamoja, wanalea watoto pamoja. Mwishoni maji ya chumvi yanaanza kuingia kisimani, na Mwanaisha, binti wa mchuuzi wa maji, anateremka kuziba ufa na kufia humo ili wenzake wapone. Marafiki wawili wameisoma. Mmoja anasema nimewadanganya wasomaji, kwa kuwa watu wakiishiwa maji huchinjana, hawapangi foleni. Wa pili anasema haya ni mawaidha, si riwaya, na kwamba kifo cha Mwanaisha hakikumgusa. Mimi nililia nilipokiandika, na bado nakirudia usiku. Je, ni kweli kwamba ushirikiano hauaminiki katika hadithi kama hii? Je, ni lazima mtu afe ndipo msomaji aguswe? Na nitaandikaje juu ya wema bila kuhubiri? Nimeambatisha sura ya tatu na ya mwisho.”*

Marahaba, ndugu yangu mwandishi. Nimesoma barua yako na sura zote mbili, na naona kwamba maswali yako matatu yanatokana na shaka moja: unaogopa kwamba wema hauna kisa, kwamba watu wakishirikiana hakuna kinachotokea, na kwa hiyo ili jambo litokee ni lazima ama wauane ama mmoja wao afe. Nitakujibu waziwazi. Rafiki yako wa kwanza amekosea kuhusu binadamu, lakini amehisi upungufu wa kweli katika mswada wako. Rafiki yako wa pili hajakosea kuhusu kifo cha Mwanaisha. Na marekebisho ya kasoro zote mbili yanaanzia mahali pamoja, kwenye kisima ulichokibuni mwenyewe.

Tuanze na dai kwamba watu wakiishiwa huchinjana. Imani hii imeenea kwa sababu imeandikwa vizuri mno. Riwaya ya William Golding ya mwaka 1954, kuhusu wavulana waliokwama kisiwani wakageuka wauaji, imesomeshwa shuleni katika nchi nyingi, hata watu huitaja kana kwamba ni taarifa ya jambo lililotokea. Halikutokea. Golding alilibuni, miaka michache baada ya vita ambavyo yeye mwenyewe alivipigana akiwa mwanamaji. Tukio la kweli linalokaribiana na hadithi yake ni la mwaka 1965, wakati wavulana sita wa Tonga walipotoroka shule ya bweni kwa mashua waliyoichukua bila ruhusa, dhoruba ikawaharibia chombo, wakaelea baharini siku nane mpaka wakatupwa kwenye kisiwa cha 'Ata kisichokuwa na mtu. Walikaa huko zaidi ya mwaka mmoja, hadi nahodha wa Australia, Peter Warner, alipowakuta mwezi Septemba 1966. Walikuwa wamewasha moto na kuulinda usizimike. Walikuwa na zamu za wawili wawili za bustani, jiko na ulinzi. Mmoja wao alipovunjika mguu, wenzake waliunga mfupa ukapona. Tena walikuwa wakigombana, na walipogombana walitenganishwa, kila mmoja akaenda upande wake wa kisiwa mpaka hasira zitulie, kisha wakarudi kupatanishwa.

Jambo hilo la mwisho ndilo ningependa ulichukue kuliko mengine yote. Wavulana wale hawakuokolewa na tabia njema. Waliokolewa na utaratibu, na katika utaratibu huo ugomvi ulikuwa umetengewa nafasi yake. Ni haki pia niseme kwamba walikuwa marafiki wa shule moja na dini moja, na kisiwa kile kilikuwa na chakula, kwa hiyo mfano wao hauthibitishi kwamba watu wowote, popote, watafanya vivyo hivyo. Unathibitisha tu kwamba jambo hilo linawezekana, na mwandishi wa riwaya hahitaji zaidi ya hapo.

Watafiti wa majanga wamekwenda mbali zaidi. Enrico Quarantelli, mmoja wa waanzilishi wa kituo cha utafiti wa majanga kilichofunguliwa mwaka 1963 katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio, alionyesha kwa miongo kadhaa ya kazi kwamba baada ya tetemeko au mafuriko, taharuki ya watu kukanyagana ni nadra kuliko inavyodhaniwa, na kwamba wanaoanza kufukua vifusi kwa mikono kwa kawaida ni majirani, kabla ya kikosi chochote kuwasili. Kimbunga Katrina kilipoipiga New Orleans mwaka 2005, habari zilienea kwamba mauaji na ubakaji vilikuwa vimetapakaa ndani ya uwanja wa michezo ambamo maelfu walikuwa wamejihifadhi. Baadaye ilibainika kwamba mengi ya hayo yalikuwa uvumi. Hata hivyo uvumi huo ulikwisha kuleta madhara, kwa kuwa wenye bunduki walianza kuwatazama walioathirika kama maadui, na kwenye daraja la Danziger polisi waliwapiga risasi raia wasio na silaha. Rafiki yako wa kwanza anaamini kwamba hatari kubwa ni jirani mwenye kiu. Mara nyingi hatari imekuwa ni yule anayemwogopa jirani mwenye kiu.

Hata hivyo, sisi watu wa Mombasa hatuwezi kusema kwamba majirani hawauani. Tunaikumbuka Agosti ya mwaka 1997, Likoni na Kwale, ambapo watu zaidi ya mia moja waliuawa na makumi ya maelfu wakahama makwao kwa sababu tu ya asili yao. Lakini itazame vizuri historia hiyo kabla ya kuikubali kuwa ushahidi wa rafiki yako. Ghasia zile hazikuzuka kwa kuwa serikali ilitoweka na kila mtu akabaki na nafsi yake. Vijana walikusanywa, wakapewa mafunzo, wakalishwa viapo, wakatumwa. Walioua walikuwa wameshirikiana. Hapo ndipo pagumu kwa mwandishi wa hadithi za aina yako, kwa maana umoja wenyewe si wema wala uovu. Unategemea nani amewekwa ndani ya mpaka na nani ameachwa nje, na watu arobaini wanaopendana sana wanaweza kumtazama mtu wa arobaini na moja akifa kwa kiu mlangoni pao huku dhamiri zao zikiwa zimetulia kabisa. Mswada wako hauna mtu wa arobaini na moja. Ningependa awepo.

Sasa nije kwenye upungufu aliouhisi rafiki yako. Katika sura ya tatu umeandika foleni ya asubuhi kisimani. Kila mtu anateka ndoo mbili, anamsalimia wa nyuma yake, anaondoka. Hakuna anayehesabu. Hakuna anayetazama ndoo ya mwenzake imejaa kiasi gani. Halafu Mzee Athumani anasimama na kutoa hotuba ya ukurasa mzima kuhusu mapenzi na udugu. Msomaji wa hapa hatakuamini, si kwa sababu haamini udugu, bali kwa sababu anaujua udugu wenyewe unavyofanya kazi. Mtu akifiwa mtaani kwetu, turubai litasimama kabla ya adhuhuri, sufuria kubwa zitatoka nyumba tatu tofauti, na kina mama watakuwa wameshakaa kukata vitunguu. Lakini pembeni, kwenye kiti cha plastiki, amekaa mtu mwenye daftari. Ameandika majina, na mbele ya kila jina kiasi kilichotolewa, na kuna jina moja ambalo limeachiwa nafasi tupu, na wote wanaopita hapo kutoa chao huliona. Daftari hilo haliupunguzi upendo wa msiba ule hata kidogo. Ndilo linalouwezesha upendo huo kudumu hadi msiba unaofuata. Katika kisima chako umetuandikia sufuria na vitunguu, ukalisahau daftari.

Hapa naomba uvumilivu, kwa maana nataka tuzungumze juu ya maji yenyewe. Kisiwa chetu kimekaa juu ya mwamba wa matumbawe wenye matundu mengi. Mvua ikinyesha, maji hupenya mwambani, na kwa kuwa maji matamu ni mepesi kuliko maji ya bahari, huelea juu yake huko chini ya ardhi, yakafanya tabaka ambalo unene wake unategemea mvua iliyoingia na maji yaliyotekwa. Wanajiolojia wana kanuni ya zamani kuhusu tabaka hilo: kwa kila mita moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari, ziko takriban mita 40 za maji matamu chini ya usawa huo. Maana yake kwa mteka maji ni ya kutisha. Ukishusha uso wa kisima kwa sentimita moja tu na kuuacha hapo, mpaka wa chumvi ulio chini utapanda taratibu kwa sentimita zipatazo 40. Chumvi haiingii kwa upande tu, kama mwizi anayeruka ukuta. Inapanda kutoka chini, kwa kila ndoo ya ziada, na bahari ikiinuka kama ulivyoiinua katika riwaya yako, inapanda kwa haraka zaidi.

Umeshaona ninakoelekea. Mwanaisha anateremka kuziba ufa, lakini kisima cha namna hii kwa kawaida hakina ufa mmoja ambao ukizibwa chumvi itakoma. Mwamba mzima unapitisha maji. Inawezekana mahali fulani pawe na mpenyo mkubwa, sikatai, lakini hata ukizibwa, watu wakiendelea kuteka kama jana, chumvi itapanda tu kutoka chini. Njia za kukiokoa kisima hicho ni za kuchosha: kuteka kidogo zaidi, kuteka kutoka juu kwa ndoo ndogo badala ya kuzamisha kubwa, kufufua visima vingine ili mzigo ugawanyike, kuvuna mvua kwenye birika, na kuacha kabisa kuteka wakati wa bamvua maji yakijaa, kwa sababu mwezi mwandamo na mwezi mpevu bahari yetu hupanda na kushuka kwa zaidi ya mita tatu na visima vilivyo karibu na ufuo huusikia mwendo huo. Kifo cha msichana mmoja hakimo katika njia hizo. Kisima chako kinadai kitu kwa watu wote arobaini, kila siku, kwa miaka, nawe umekilipa kwa mtu mmoja, usiku mmoja. Naamini hiyo ndiyo sababu rafiki yako wa pili hakuguswa, ingawa huenda hakuweza kuieleza. Alihisi kwamba kifo kile kimewaondolea wengine deni lao.

Je, watu wanaweza kulipa deni la namna hiyo kwa hiari, pasipo polisi wala serikali? Mwaka 1968 Garrett Hardin aliandika kwamba malisho ya wote lazima yaharibiwe na wote, kwa kuwa kila mfugaji ana sababu ya kuongeza mnyama mmoja zaidi, na wengi walimwamini. Elinor Ostrom, ambaye mwaka 2009 alikuwa mwanamke wa kwanza kupata Tuzo ya Nobeli ya uchumi, alikusanya na kulinganisha tafiti kuhusu watu waliokuwa wakitumia mali ya pamoja kwa karne nyingi: wakulima wa mifereji ya Uhispania na Ufilipino, wafugaji wa milima ya Uswisi, wanakijiji wa misitu ya Japani. Alikuta kwamba wengine walishindwa na wengine walifaulu, na waliofaulu walikuwa na mambo yanayofanana. Walijua wazi nani ni mshirika na nani si mshirika. Sheria zao zilitungwa na watumiaji wenyewe kulingana na mahali pao. Walikuwa na walinzi waliowajibika kwa watumiaji, au waliokuwa watumiaji wenyewe. Adhabu zilianza ndogo, zikaongezeka kwa anayerudia. Na palikuwa na mahali pa karibu, pasipo gharama, pa kusuluhishia ugomvi. Wala huna haja ya kwenda Uhispania. Wazee wa kaya za Mijikenda, yaani makazi ya kale yaliyozungukwa na misitu mitakatifu, umbali mfupi tu kutoka hapa, wameilinda misitu yao kwa miiko, kwa ulinzi na kwa faini, na mwaka 2008 misitu kadhaa kati ya hiyo iliingizwa katika urithi wa dunia. Simulizi za Wamijikenda husema kwamba kaya zilianzishwa na watu waliofukuzwa kwao wakaja kujihifadhi. Ukiwaza vizuri, hizo ni simulizi za watu waliosalia baada ya dunia yao ya kwanza kuvunjika.

Chukua kila kimoja kati ya vipengele hivyo na ukiulize swali la mwandishi: nani ataumia kwa sheria hii? Mpaka wa ushirika ukiwekwa, anakuja mtu kwa ngalawa kutoka Likoni na watoto wawili. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sheria hiyo ina ukarimu na ina makali, kwa hiyo mwonyeshe mgeni huyo siku ya tatu, jembe likiwa mkononi na homa ikiwa mwilini. Mlinzi wa kisima akichaguliwa, awe nani? Nafikiri awe Mwanaisha, kwa sababu amekulia kwenye mkokoteni wa baba yake na anaweza kulijua dumu la lita 20 lililopunguzwa kwa kulitazama tu. Adhabu ndogo ya kwanza ikitolewa, impate mtu anayestahili huruma. Hapo foleni yako ya asubuhi itakuwa na joto, kwa maana kila anayeshika kamba atakuwa anatazamwa na watu anaowapenda na anaowashuku kwa wakati mmoja.

Nirudi kwenye kujitoa mhanga, kwa kuwa swali lako la pili ndilo lililonigusa zaidi. La, si lazima mtu afe. Lakini pia sitakwambia kwamba kifo cha aina hiyo ni kibaya siku zote. Filamu fupi ya Mkenya mwenzetu Wanuri Kahiu, Pumzi, ya mwaka 2009, inatuonyesha Afrika Mashariki baada ya vita vya maji, ambapo watu wanaishi ndani ya jengo lililofungwa na kila tone, hata la jasho na mkojo, linasafishwa na kunywewa tena. Asha, mtunza makumbusho, anapata udongo wenye uhai, anaotesha mche, anakatazwa kutoka, na kwa msaada wa mwanamke msafishaji anatoroka kwenda jangwani, ambako anaumwagilia mche ule maji yake ya mwisho na kuukinga jua kwa mwili wake. Kujitoa huko kunaaminika kwa sababu tangu dakika za mwanzo tumefundishwa thamani ya tone moja. Anapomimina, tunajua amemimina nini. Aidha, alichokifanya kinaleta matokeo yanayolingana na maumbile ya mambo: mche unahitaji maji na kivuli, naye ametoa maji na kivuli.

Kwa hiyo kabla ya kumuua mhusika, mwulizie maswali machache. Je, alichokitoa ndicho kilichohitajika hasa? Je, alikuwa na nafasi ya kukataa, na wenzake walikuwa na nafasi ya kumzuia? Nani anafaidika? Katika sura yako ya mwisho, anayekufa ni binti wa mchuuzi wa maji, na miongoni mwa wanaopona ni mfanyabiashara mwenye tangi lililofichwa darini. Sidhani kwamba ulikusudia kusema kuwa maskini hufa ili matajiri wanywe, lakini ukurasa unasema hivyo, na hakuna mhusika hata mmoja anayelishangaa jambo hilo. Hadithi za maangamizi zina mazoea ya kuwachagua wanawake, wazee na maskini kuwa wa kutolewa, kisha kuwasifu sana mazishini. Ukiwa unataka kuyaonyesha mazoea hayo, yaonyeshe kwa makusudi. Ukiwa hutaki, usiyaache yaingie kwa mlango wa nyuma.

Nimefikiria njia unazoweza kushika, na kila moja ina hasara yake. Ukiacha kifo kilivyo na kurekebisha tu kisima, yaani ukabuni mpenyo mkubwa unaozibika, utabaki na tamati yenye kishindo, lakini deni la wale wengine litabaki limefutwa. Ukimfanya ateremke na ashindwe, utakuwa mkweli zaidi kwa maji, ila utamwachia msomaji uchungu usio na kazi, na sidhani riwaya yako inataka hivyo.

Njia ninayoipendelea ni ya kipindupindu. Kisima kimoja cha watu arobaini bila dawa ni mahali pa hatari, na ugonjwa huo unaijua Mombasa. Mgonjwa aliyezidiwa anaweza kupoteza lita 10 au zaidi kwa siku moja, na mahali pasipo dripu ya hospitali, anachohitaji kwanza ni maji safi yaliyochemshwa, yenye vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi kwa kila lita, anyweshwe kidogo kidogo usiku na mchana. Tazama jambo hilo linavyokibana kisima chako. Kumwokoa mgonjwa mmoja kunakula mgao wa watu kadhaa, wakati ambapo chumvi inapanda na kila ndoo imehesabiwa. Anayemhudumia anaweza kuambukizwa, si kwa tendo moja la kishujaa bali kwa kurudi asubuhi, na jioni, na kesho yake. Na mgonjwa wa kwanza anaweza kuwa yule mgeni wa ngalawa, ambaye wengine watasema ndiye aliyeuleta. Hapo watu arobaini hawatakuwa na budi kuamua, mbele ya daftari, kama watapunguza ndoo zao kwa ajili ya mtu asiye wao. Wengine watakubali kwa moyo, wengine kwa aibu, na mmoja atateka usiku. Ningependa huyo awe kaka yake Mwanaisha, ambaye mtoto wake ana homa, na Mwanaisha ndiye mlinzi. Akimtaja, amempoteza kaka. Akinyamaza, amelipoteza daftari. Huenda akaishi mpaka ukurasa wa mwisho na bado awe ametoa zaidi ya alichokitoa katika rasimu ya sasa. Utapoteza kishindo cha maji yanayofunika kichwa chake, na najua unakipenda, lakini nadhani utapata kitu ambacho msomaji atakwenda nacho nyumbani.

Kuna jambo jingine, nalo silisemi kama mhariri. Katika kurasa zako za mwisho Mwanaisha anasema, “Bila mimi watapata nafuu,” na kabla ya hapo anasema amechoka kuwa mzigo. Kisanaa, maneno hayo yanadhoofisha kujitoa kwake, kwa kuwa anayejitoa kwa ajili ya wenzake huwa anataka kuishi, na thamani ya tendo lake ipo katika yale anayoyaacha. Lakini umeniandikia pia kwamba unazirudia kurasa hizo usiku na kulia. Mwandishi kumlilia mhusika wake ni jambo la kawaida, na huenda hakuna zaidi ya hapo. Iwapo hata hivyo maneno hayo ya mzigo ni yako mwenyewe na si ya Mwanaisha, au yamekuwa yakikujia hata ukiwa huandiki, nakuomba usiyaachie riwaya iyabebe. Mwambie leo mtu mmoja unayemwamini, ana kwa ana, na nenda naye kwenye hospitali ya umma iliyo karibu ukaonane na mhudumu wa afya ya akili. Ikiwa umefikia kuwaza namna ya kujidhuru, nenda saa hiyohiyo, bila kusubiri asubuhi. Wahudumu hao huyasikia maneno hayo mara nyingi na hawatakushangaa. Mswada unaweza kukaa.

Swali lako la tatu, la mahubiri, limekwisha kujibiwa kwa sehemu kubwa, kwa sababu wema ukishakuwa na gharama hauhitaji tena mtu wa kuusifu. Hotuba ya Mzee Athumani iondoe yote. Ukiona ni lazima aseme, mwache aseme jambo la kazi, kwa mfano kwamba kesho ni bamvua na kamba ipandishwe kabla ya alfajiri. Maneno mazuri kuliko yote katika kitabu wape wale wanaoupinga ushirika. Mfanyabiashara mwenye tangi awe na hoja nzito: alilijenga kwa jasho lake wakati wengine walikuwa wakimcheka, na hajui kwa nini mwenye busara awalipie wazembe. Usimjibu kwa mdomo wa mhusika mwingine. Kisha, angalau mara moja, sheria ya kisima imuonee mtu asiye na hatia, na daftari limwandike mwizi mtu ambaye hakuiba, ili msomaji awe na sababu ya haki ya kuuchukia utaratibu uleule unaowaweka hai. Ukiweza kumfikisha msomaji hapo, naye bado akatamani kisima kisivunjike, rafiki yako wa pili hatakuita mhubiri tena.

Yapo mambo ambayo barua haiwezi kukupa. Kabla ya kuandika upya, tembelea visima vya zamani vilivyosalia Mji wa Kale, kwa idhini ya wenyewe, na utazame ukingo wa jiwe mahali ambapo kamba zimechimba mifereji. Onja maji kama utaruhusiwa, mara moja maji ya bahari yakiwa yamekupwa na mara nyingine wakati wa bamvua. Kaa na wavuvi wakueleze wanavyoupima mwezi. Mtafute mhandisi wa maji au mwalimu wa jiolojia, umwoneshe mchoro wa kisima chako, umwulize kitaharibika kwa muda gani watu arobaini wakiteka ndoo mbili mbili, maana kuanzia jibu lake ndipo utakapojua riwaya yako inachukua wiki ngapi au miaka mingapi. Kuhusu kipindupindu, muulize muuguzi aliyewahi kuhudumu wakati wa mlipuko, na umsikilize hasa anapoeleza zamu za usiku. Sura ya tatu ikishakamilika upya, usiwape marafiki wale wawili kwanza. Isome kwa sauti mbele ya watu wanaonunua maji kwa mtungi kila siku, na wakianza kubishana kama Mwanaisha alifanya haki kumtaja kaka yake, usiwakatize, andika wanayoyasema.